Margaret Trowell: Mwalimu aliyeiona sanaa katika vyombo vya nyumbani vya Uganda

Alifika Uganda mwaka 1935 akiwa mke wa daktari. Alipostaafu mwaka 1958, alikuwa ameanzisha shule ya sanaa ya Makerere, ametunza makusanyo ya makumbusho ya taifa na kuandika kitabu kinachoeleza namna mitungi, mikeka, vikapu na nguo za magome ya miti zilivyotengenezwa. Historia ya maisha yake inaacha swali ambalo halijapata jibu hadi leo: nani mwenye haki ya kuamua kwamba chombo cha nyumbani kina thamani?

Mjini Kampala hivi leo, kivuli cha taa kilichotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, kikapu kilichosukwa kwa mkono mwepesi na mtungi mweusi unaong'aa kama chuma ni vitu vinavyopamba kumbi za hoteli na sebule za watu wenye uwezo. Wanunuzi huvihesabu kuwa mapambo ya kifahari, na wageni hubeba vichache kwenda navyo makwao.

Haikuwa hivyo katika miaka ya 1930. Wakati huo, machoni pa watu wengi waliopitia shule za wamishonari, alama ya nyumba iliyoendelea ilikuwa sahani ya kaure, pazia la pamba na meza ya mtindo wa Kizungu. Mtungi wa bibi ulibaki jikoni. Miongoni mwa watu waliosimama hadharani kupinga mtazamo huo alikuwa mwanamke Mwingereza, Margaret Trowell, ambaye jina lake linaendelea kubebwa na shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Makerere.

Kutoka London hadi Machakos

Kathleen Margaret Sifton alizaliwa mwaka 1904 nchini Uingereza. Alisomea uchoraji katika shule ya sanaa ya Slade mjini London, kisha akajifunza ualimu chini ya Marion Richardson, mwalimu aliyekuwa akibadilisha ufundishaji wa sanaa kwa watoto nchini humo. Richardson hakupenda wanafunzi wanakili picha za watu wengine. Aliwataka wafumbe macho, wasikilize tukio likisimuliwa, kisha wachore kile walichokiona ndani ya fikra zao. Funzo hilo Margaret alilichukua na kulipeleka mbali kuliko mwalimu wake alivyoweza kutarajia.

Aliolewa na Hugh Trowell, daktari kijana aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, na mwaka 1929 wawili hao wakahamia Kenya. Waliishi Machakos, katika nchi ya Wakamba. Huko Margaret alikutana na watu ambao vyombo vyao vya kila siku vilikuwa vimepambwa kwa uangalifu: vibuyu vilivyochorwa kwa ncha ya chuma cha moto, vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya, na viondo vilivyosukwa na wanawake huku wakitembea au wakizungumza.

Jambo lililomgusa lilikuwa kwamba hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kilichotengenezwa ili kitundikwe ukutani. Kibuyu kilikuwa cha kunywea na kigoda kilikuwa cha kukalia. Uzuri wake ulikuwa sehemu ya kazi yake. Fikra hiyo ndiyo aliyovuka nayo mpaka kuingia Uganda mwaka 1935, mumewe alipohamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Nyumba zilizokuwa na fahari yake

Uganda aliyoikuta Bi Trowell haikuwa nchi isiyojua anasa. Mfano ulio wazi zaidi ni jumba la Kasubi, lililojengwa na Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1882 na kugeuzwa kaburi lake alipofariki miaka miwili baadaye. Chini ya paa lake kubwa la nyasi kuna pete 52 zinazowakilisha koo za Buganda. Sakafu ilitandikwa nyasi zenye harufu nzuri na juu yake mikeka ya majani ya mnazi-mwitu, na pazia la nguo ya gome la mti lilitenga sehemu ya makaburi. Jumba hilo liliungua mwaka 2010, likajengwa upya, na mwaka 2023 UNESCO ililiondoa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Vyombo vya kasri navyo vilikuwa na wenyewe. Wafinyanzi wa Kabaka walijulikana kama bajjona, na kazi yao ilikuwa kuutengenezea ua wa mfalme mitungi na viko. Huko Bunyoro wafinyanzi walikandika na kuzungusha udongo kwa mikono bila gurudumu, wakausugua na kuupaka madini meusi ya grafiti mpaka ukang'aa, na mara nyingi wakaupa umbo la kibuyu. Katika nchi ya Ankole, Wahima walitunza maziwa katika vyombo vya mbao vyenye shingo nyembamba. Vyombo hivyo vilifukizwa kwa moshi wa majani yenye harufu nzuri, vikafunikwa kwa kawa ndogo zilizosukwa kwa uzi mwembamba ajabu, kisha vikapangwa ndani ya nyumba mahali pa heshima.

Na ilikuwapo olubugo, nguo ya gome la mutuba. Fundi hubandua gome zima wakati wa mvua, akaufunga mti kwa majani ya mgomba ili upone na kutoa gome jingine mwaka unaofuata. Gome hulainishwa, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mipana hadi myembamba, mpaka litanuke na kuwa jepesi kama kitambaa. Kazi hufanyika ndani ya banda ili gome lisikauke haraka. Nguo ya kawaida hugeuka rangi ya udongo mwekundu; za wafalme na machifu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi.

Ushindani ulikuja kwa njia ya misafara. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim, aliyetokea pwani ya Waswahili, alifika katika ua wa Kabaka Suuna wa Pili. Wengine wakamfuata, na nguo za pamba zikaanza kuingia kwa wingi. Pamba ilikuwa rahisi kufua na ilibeba heshima ya kitu kilichotoka mbali. Kufikia siku za Bi Trowell, olubugo ilikuwa inarudi nyuma, ikibaki zaidi katika mazishi, matambiko na sherehe za kifalme.

Darasa la barazani

Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi, lakini kufikia miaka ya 1930 ilikuwa inapanda kuelekea elimu ya juu, ikiwapokea vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Sanaa haikuwamo katika masomo yake. Mwaka 1937 Bi Trowell alianza kuwafundisha wanafunzi wachache nyumbani kwake Mulago, katika baraza ya nyumba ya daktari. Mwaka huohuo alichapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu sanaa na kazi za mikono za Afrika na namna ya kuziendeleza shuleni.

Njia yake ilikuwa ile ya Marion Richardson, ila masimulizi yalibadilika. Wanafunzi walisimuliwa habari za soko, za shamba la migomba, za harusi na za visa vya Biblia, kisha wakachora walivyoviona wao, watu na mandhari vikiwa vya Kiafrika. Hakuwaweka mbele ya sanamu za Kigiriki kama ilivyokuwa desturi ya shule za Ulaya. Aliwahimiza pia watazame vyombo vya makwao kabla ya kuvicheka.

Mwaka 1938 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa katika Kanisa Kuu la Namirembe, na mwaka 1939 zikapelekwa London na kuonyeshwa katika Imperial Institute. Baraza ya Mulago ikawa shule, na shule ikapata nafasi ndani ya Makerere. Wakati huo huo Dakta Trowell alikuwa hospitalini akichunguza ugonjwa wa kwashakoo kwa watoto, utafiti uliokuja kumpa umaarufu wake mwenyewe katika fani ya tiba.

Nyumba ya mayembe

Makumbusho ya Uganda yalianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya zamani ya Lugard, kwenye kilima cha Old Kampala. Vitu vingi vilivyowekwa humo vilikuwa hirizi na zana za matambiko, kiasi kwamba wenyeji walipaita mahali hapo nyumba ya mayembe, yaani nyumba ya pembe za uganga. Haikuwa sifa. Kwa Mkristo mpya au Mwislamu mcha Mungu, mahali hapo palikuwa pa kuepukwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 makusanyo hayo yalihamishiwa Makerere, na Bi Trowell akawa mhifadhi wake wa kujitolea. Hapo ndipo kazi zake mbili zilipokutana. Mwanafunzi aliyekuwa akifinyanga udongo darasani aliweza kusogea hatua chache na kuutazama mtungi wa Bunyoro uliofinyangwa na mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani. Vyungu, kawa, ngao, vigoda na vibuyu vikawekwa kwenye rafu pamoja na hirizi, na nyumba ya mayembe ikaanza kusomeka kwa namna nyingine.

Mwaka 1948 makumbusho yalimpata mhifadhi wa kudumu, Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi. Miaka mitano baadaye, yeye na Bi Trowell walichapisha kwa pamoja kitabu Tribal Crafts of Uganda. Wachsmann aliandika kuhusu ala za muziki, na Bi Trowell akaandika kuhusu vyombo na kazi za mikono za nyumbani.

Sehemu ya Bi Trowell ni kitabu cha mtu aliyeketi na kutazama kwa muda mrefu. Inaeleza na kuchora namna uzi unavyopita katika kikapu, namna mkeka unavyounganishwa na namna chombo cha maziwa kinavyochongwa. Msomaji mwenye mikono mizuri anaweza kuchukua michoro hiyo na kujaribu. Kwa baadhi ya vitu vilivyoacha kutengenezwa baada ya hapo, michoro hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu chache zilizobaki.

Jengo la Kitante

Mwaka 1954 makumbusho yalipata makao mapya katika kilima cha Kitante, na hapo ndipo yalipo hadi sasa. Aliyeyasanifu alikuwa Ernst May, Mjerumani aliyeondoka Ulaya na kufika Tanganyika mwaka 1934, akalima kahawa kabla ya kurudi kwenye usanifu na kuchora mpango wa kuupanua mji wa Kampala.

Huko Frankfurt katika miaka ya 1920, May ndiye aliyeongoza ujenzi wa makazi ya wafanyakazi ambamo mbunifu Margarete Schütte-Lihotzky alisanifu jiko dogo la mwaka 1926. Jiko hilo ndilo chanzo cha majiko ya kisasa yenye makabati yaliyounganishwa. Hivyo vyombo vya Ankole na Bunyoro vilipata hifadhi katika jengo la mtu aliyekuwa ametumia ujana wake kufikiri kwamba jiko la mtu wa kawaida linastahili mbunifu bora. Jengo lake la Kitante halina marembo mengi. Linategemea mwanga, hewa na nafasi.

Bi Trowell mwenyewe aliendelea kuandika. Mwaka 1954 alitoa kitabu kuhusu uchongaji wa Afrika, ambamo alizigawa kazi za sanaa kwa kufuata makusudi yake: zile zinazoelekezwa kwa mizimu, zile zinazoelekezwa kwa wanadamu, na zile za maonyesho ya ibada. Mwaka 1957 alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na mwaka 1960 kikatoka kitabu chake African Design, kinachopitia mapambo ya kuta, mikeka, nguo, vikapu, shanga, vibuyu na vyungu kutoka sehemu nyingi za bara.

Sifa na lawama

Wanahistoria wa sanaa hawakubaliani juu ya Bi Trowell, na wana sababu. Alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na lugha ya makabila inayotawala vitabu vyake ni lugha ya zama hizo. Serikali ya kikoloni ilipenda elimu inayomfunza Mwafrika kazi za mikono, na wapo wasomi wa Kiafrika walioiona elimu hiyo kuwa mlango wa nyuma. Walitaka sheria, tiba na hisabati. Kijana aliyepelekwa Makerere kwa michango ya ukoo wake hakutumwa akajifunze kusuka vikapu ambavyo nyanya yake alivisuka bila cheti. Aidha, mwalimu anayeamua kwamba mwanafunzi asionyeshwe sanaa ya Ulaya ili asiharibike, anakuwa amemwamulia mwanafunzi huyo.

Mrithi wake, Cecil Todd, alichukua njia nyingine. Aliwafundisha wanafunzi historia ya sanaa ya dunia nzima, pamoja na nadharia za rangi na mitindo ya kisasa. Mjadala kati ya njia hizo mbili uliendelea Makerere kwa miaka mingi.

Lipo pia suala la majina. Kitabu cha mwaka 1953 kinamwambia msomaji kwamba chombo fulani ni cha Wanyoro na kingine ni cha Wahima. Msanii wa Ulaya hutajwa kwa jina. Mfinyanzi wa Bunyoro alitajwa kwa kabila. Kazi yake iliokolewa kwenye rafu na katika mchoro, lakini yeye mwenyewe hakuingia katika kumbukumbu.

Hata hivyo, lawama hizo hazifuti jambo moja. Katika wakati ambapo mamlaka za serikali, za kanisa na za soko zilivutia upande mwingine, Bi Trowell alisema mbele ya wanafunzi wake kwamba mikono iliyotengeneza vyombo vya makwao ilikuwa mikono ya wasanii. Aliyasema hayo darasani na vitabuni kwa zaidi ya miaka 20.

Wanafunzi wake

Waliopitia mikononi mwake walienda njia tofauti. Gregory Maloba kutoka Kenya alichonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, unaoonyesha mwanamke akimwinua mtoto juu. Baadaye aliongoza idara ya ubunifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Sam Ntiro kutoka Kilimanjaro alichora maisha ya Wachaga, na moja ya picha zake, inayoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Ntiro pia alikuwa balozi wa kwanza wa Tanganyika huru mjini London.

Rosemary Karuga, Mkenya, alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kusoma sanaa Makerere. Alifundisha kwa miaka mingi kabla ya kujulikana, na alipokosa fedha za rangi alitumia karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga kutengeneza picha za kubandika. Kazi hizo zilizotokana na takataka za jikoni zilionyeshwa ng'ambo. Karuga alifariki mwaka 2021.

Baada yake

Baada ya kustaafu, Bi Trowell alirudi Uingereza na mumewe, ambaye alipadrishwa katika Kanisa la Anglikana na baadaye akarejea kwenye utafiti kuhusu chakula chenye nyuzinyuzi. Margaret Trowell alifariki mwaka 1985, wakati Uganda ikiwa katikati ya vita. Shule aliyoianzisha barazani kwake ilikuwa imevumilia miaka ya Idi Amin, iliyowafukuza au kuwanyamazisha wasanii wengi.

Vitu alivyovitetea vimepata heshima ambayo huenda asingeitarajia. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi ya kutengeneza olubugo kuwa urithi bora wa wanadamu, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Wabunifu wa mavazi na wa mapambo ya nyumba wameichukua nguo hiyo na kuigeuza mito ya viti, mapazia, mikoba na taa. Mti ambao gome lake lilivaliwa na wakulima sasa unavisha kuta za watu wenye fedha.

Makumbusho yenyewe yalinusurika kwa shida. Mwaka 2011 ulijitokeza mpango wa serikali wa kujenga jengo refu la biashara katika kiwanja cha Kitante. Watetezi wa urithi walikwenda mahakamani, na mjadala ukaenea magazetini na redioni. Jengo la Ernst May bado limesimama, na vyombo vya maziwa vya Ankole bado vimo ndani yake.

Bei ya vitu hivyo imepanda, lakini faida haigawanyiki sawa. Kati ya mfinyanzi anayechimba udongo na mnunuzi anayeweka mtungi sebuleni kuna wasafirishaji, madalali na wenye maduka, na mara nyingi fundi ndiye anayebaki na sehemu ndogo. Jina lake nalo kwa kawaida haliandikwi kwenye kitu alichokitengeneza. Kwa upande huo, rafu ya duka la kifahari haijatofautiana sana na rafu ya makumbusho ya mwaka 1953.